Sura ya Tano: Anza na Hatua ya Mwisho

Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa miaka tisa bado anavalishwa, usianze na cheti cha daktari. Angalia saa. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai inachemka, ndugu zake wameshavaa sare, na mama anatakiwa awe kituoni kabla daladala hazijajaa. Mtoto ameshika kaptula yake, anaigeuzageuza, anatafuta mbele ni wapi. Angepewa dakika kumi angeivaa, ila dakika kumi hazipo. Mama anaichukua, anamwambia nyanyua mguu, huu, haya na huu, anaivuta juu, kazi imekwisha. Kesho ni hivyo hivyo. Mwaka ukiisha mtoto huyo amevalishwa mara zaidi ya mia tatu, na kila mara amefundishwa jambo lile lile: kusimama na kunyanyua mguu akiambiwa.

Hapo hakuna wa kulaumiwa. Mama ana kazi, na mtoto lazima afike shule. Lakini tuseme ukweli: ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down humchelewesha mtoto kujifunza, na wakati mwingine huweka mpaka ambao mazoezi hayauvuki. Juu ya ulemavu huo sisi watu wazima tunaongeza kutojiweza kwingine, kwa haraka zetu na kwa huruma yetu. Huko kwa kuongeza ndiko kunakoondoleka, na ndiko sura hii inakokushughulikia.

Breki ya vipande 15

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani aitwaye Marc Gold alikwenda kwenye karakana walikokuwa wakishinda watu wenye ulemavu wa akili, wakiwemo wenye ulemavu mkubwa. Wengi waliamini kwamba watu hao hawafundishiki zaidi ya vikazi vyepesi vya kurudiarudia. Gold akawawekea mezani breki ya baiskeli, ile inayoshika ukikanyaga pedali kinyumenyume, ikiwa imefunguliwa vipande 15. Wakajifunza kuiunga. Matokeo aliyachapisha mwaka 1972, na kwa walimu wa elimu maalum yalikuwa habari kubwa.

Hakutumia dawa wala mashine. Kwanza aliichambua kazi yenyewe: kipande gani kinatangulia, kinashikwa kwa mkono upi, kinaelekea wapi. Pili, alipunguza maneno, kwa kuwa mtu anayepata taabu kuelewa lugha anaelemewa na mwalimu mwenye maneno mengi. Tatu, alipaka rangi upande wa kipande uliotakiwa kumwelekea mfanyakazi, na waliopewa vipande vyenye rangi walijifunza haraka kuliko waliopewa vipande vitupu. Mtu akikosea, Gold alimwambia ajaribu njia nyingine, na maneno hayo hayo ndiyo aliyoyafanya jina la mfumo wake wa mafunzo. Yalimhusu mwalimu kuliko mwanafunzi. Mwanafunzi akikwama, mwalimu ndiye anayetakiwa kutafuta njia nyingine ya kufundisha.

Mzazi akiyachukua mambo hayo matatu, yaani kuchambua kazi, kupunguza maneno na kuweka alama inayoonekana, ameshapata zana za kutosha kuanza nyumbani.

Kaptula huanzia kiunoni

Sisi tunaojua kuvaa tunaona kaptula ni tendo moja. Ivae leo polepole, ukihesabu. Unatambua mbele na nyuma. Unaishika kiunoni kwa mikono miwili. Unaketi au unaegemea. Unaingiza mguu wa kwanza, kisha wa pili. Unaivuta hadi magotini, unasimama, unaivuta hadi kwenye makalio, halafu unaipandisha kiunoni. Hizo ni hatua nane au tisa, na mtoto anaweza kukwama kwenye yoyote.

Makosa ya wengi ni kuanzia hatua ya kwanza. Mtoto anahangaika kutafuta mbele na nyuma, anachoka, anakasirika, mzazi anamalizia. Kazi ikikamilika, aliyeikamilisha ni mzazi, na mtoto amebaki na uchovu wake. Kila siku anaonja mwanzo, ambao ni mgumu. Mwisho, ambao ndio mtamu, hauonji.

Geuza. Mvalishe kaptula kama kawaida, lakini ikifika kwenye makalio, simama. Weka vidole vyake kwenye mpira wa kiuno na umwache aipandishe. Ikifika kiunoni, amevaa kaptula. Msifu hapo hapo, na utaje alichofanya: "Umeipandisha mwenyewe!" Hilo likishamkaa, ishia magotini, yeye avute hatua mbili. Kisha ishia kwenye mguu wa pili. Unarudi nyuma hatua moja baada ya nyingine, na kila siku mtoto ndiye anayemaliza. Uzuri mwingine ni kwamba njia hii haikudai dakika kumi za asubuhi. Hatua moja ya mwisho inachukua muda mfupi sana, hata siku ya shule. Hatua ngumu zisubiri Jumamosi.

Chagua nguo zinazosaidia: kaptula ya mpira badala ya zipu na kifungo, fulana yenye shingo pana, ndala kabla ya viatu vya kamba. Shona kiraka cha rangi kali nyuma ya kiuno, ili mtoto ajue rangi inakaa mgongoni. Ukifanya hivyo umepaka rangi ile ile ya Gold. Na kama mtindio wa ubongo umedhoofisha upande mmoja wa mwili, mkono au mguu dhaifu utangulie wakati wa kuvaa na uwe wa mwisho wakati wa kuvua. Mtoto aliyezoeshwa kinyume chake huonekana hawezi kuvaa shati, kumbe tatizo ni mpangilio.

Msaada wenye tarehe ya kuisha

Kila msaada unaompa mtoto unaweza kuwa zoezi au unaweza kuwa mazoea. Tofauti iko kwenye mpango wako wa kuuondoa.

Msaada una ngazi. Mzito kuliko wote ni kuweka mkono wako juu ya mkono wake na kufanya pamoja. Unaofuata ni kumgusa kiwiko tu ili aanze. Halafu kumwonyesha kwa kidole, halafu kumwambia kwa neno moja, halafu kumtazama na kusubiri. Katika mazoezi ya kuvaa, kuoga na kula, ukimshika, kaa nyuma yake, mikono yenu ielekee upande mmoja. Ukikaa mbele yake anaona kila kitu kimegeuka.

Ngazi ngumu kuliko zote kwa mtu mzima ni hiyo ya kusubiri. Tunauliza, na kabla mtoto hajapata nafasi ya kufikiri tumeshajibu na tumeshafanya. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili wanahitaji muda mrefu zaidi kati ya kusikia na kutenda. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusogeza mkono. Mara nyingi utaona kidole kinaanza kusogea ukiwa umefika saba au nane.

Jihadhari na neno. Mtoto anayesubiri kuambiwa "sasa mswaki, sasa dawa, sasa sukutua" hajapiga mswaki mwenyewe, ametii amri tatu. Kwa watoto wenye usonji hasa, picha hufaa kuliko sauti, kwa sababu sauti hupotea ikishasemwa lakini picha inabaki. Chora au piga picha za hatua nne za kupiga mswaki, zibandike karibu na ndoo ya maji, na badala ya kusema, onyesha picha. Baadaye huhitaji hata kuonyesha.

Tonge kabla ya kijiko

Vitabu vingi vya nje huanza somo la kula na kijiko. Kwetu tuna bahati ya ugali. Kijiko kinadai kiganja kigeuke bila kumwaga. Tonge likishafika vidoleni halimwagiki.

Hapa pia anza mwisho. Mega ugali, ufinyange, ubonyeze kwa dole gumba, utowelee mchuzi, kisha liweke tonge kwenye vidole vya mtoto. Kazi yake ni kulifikisha mdomoni. Akizoea, liweke ukingoni mwa sahani alichukue mwenyewe. Kisha atowelee. Kisha afinyange. Kumega ugali wa moto kuje mwisho kabisa. Sahani ikiteleza, tandika kitambaa kibichi chini yake. Bakuli lenye kingo zilizosimama ni bora kuliko sahani bapa, kwa kuwa chakula kina pa kuegemea. Wakati wa kijiko ukifika, mpini mwembamba unenepeshe kwa kuuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, na kiganja kisichofumba vizuri kitaushika.

Jambo moja halina mjadala. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe amelala chali wala kichwa kimeangukia nyuma, kwa sababu chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Aketi wima, makalio yamerudi nyuma ya kiti, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Asiyeweza kukaa, mwegemeze kwenye kona ya kuta mbili, au umtengenezee kiti cha kona kwa mbao. Kitabu cha David Werner kuhusu watoto wenye ulemavu wa vijijini, kilichotoka mwaka 1987, kimejaa michoro ya vifaa vya namna hii vinavyoundwa kwa miti, mbao na mipira ya magari. Kilitokana na kazi iliyofanywa Ajoya, kijiji cha milimani huko Mexico, katika kituo kilichoendeshwa na wanakijiji ambao wengi wao walikuwa na ulemavu wenyewe. Fundi seremala wa mtaani anaweza kuvitengeneza vingi kati ya hivyo.

Bafuni na chooni

Hakuna stadi inayombadilishia mtoto maisha kama choo. Shule nyingi husita kumpokea mtoto anayejisaidia nguoni, na ndugu husita kukaa naye.

Kabla ya kufundisha, chunguza. Kwa wiki moja andika saa anazolowa na saa anazopata haja kubwa. Ratiba itajitokeza, mara nyingi muda mfupi baada ya chai au chakula. Mpeleke saa hizo, usisubiri aseme, kwa maana kusema kunakuja baadaye. Asiyeweza kuchuchumaa, msimikie fito mbili za kushikilia kando ya tundu la choo, au chukua kiti cha mbao, kitoboe katikati na ukisimamishe juu ya tundu. Mtoto anayeogopa kuanguka hawezi kulegeza mwili, na asipolegea haja haitoki.

Bafuni kuna sababu nzito kuliko usafi. Mtoto mwenye ulemavu ambaye ameoshwa na mama, dada, shangazi, binamu na jirani mpaka akafika balehe amejifunza kwamba mwili wake ni wa kila mwenye mkono. Mtu mwenye nia mbaya akija, mtoto huyo haoni cha kushangaza. Kwa hiyo anapojifunza kujimwagia kopo la maji na kujisugua mwenyewe, anza na sehemu za siri: hizo azisugue yeye mapema iwezekanavyo, hata kama mgongo na kichwa bado unamsaidia. Mlango ufungwe. Anayemsaidia awe mtu mmoja au wawili wanaojulikana, na wamwombe ruhusa kabla ya kumgusa. Kusema "hapana" ni stadi ya kila siku kama kupiga mswaki, na mtoto ambaye "hapana" yake haijawahi kuheshimiwa nyumbani hataitumia nje.

Msichana afundishwe hedhi kabla haijaja. Mwache ashike pedi, aivae akiwa mkavu, aizoee. Kwenye chupi yake shona mstari wa uzi wa rangi kuzunguka mahali inapokaa pedi, ili aiweke ndani ya mstari bila kuuliza. Damu itakapokuja, kitu kigeni kitakuwa kimoja tu.

Noti ya tembo

Kutoka nje ya geti ndiko kunakowatia wazazi hofu kubwa, na si bure. Gawa hofu hiyo vipande. Kuvuka barabara ni stadi yake peke yake. Isichanganywe na kununua, na mzazi asiondoke pembeni ya mtoto mpaka awe na hakika kabisa. Kama barabara ni ya magari mengi na hakika haipatikani, chagua duka lililo upande wenu.

Kwenye duka lenyewe, mtoto asiyejua kusoma namba bado anaweza kujua pesa. Noti za Tanzania zinatofautiana rangi na picha: ya 1,000 ni ya bluu na ina Mwalimu Nyerere, ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, na ya 10,000 ni nyekundu na ina tembo, ile ambayo vijana wa mjini wanaiita msimbazi. Fundisha noti moja kwanza. Kitu kimoja, noti moja, duka moja: simba kwa sabuni. Zungumza na Mangi, mwenye duka, kabla, mwambie amsubiri mtoto ataje mwenyewe au aonyeshe picha, asimharakishe wala asimuulize aliyekuja naye. Siku za mwanzo simama nyuma ya mtoto. Kisha rudi hatua tatu. Kisha baki chini ya mwembe, mahali unapomwona naye anakuona. Chenji ni somo la muhula mwingine.

Nyumba nzima isome sura hii

Mpango mzuri wa mama unaweza kuvunjwa na huruma ya bibi kwa asubuhi moja. Mazungumzo haya kati ya bibi na mkwe wake ni ya nyumba nyingi:

"Mwanangu, mbona unamtesa mjukuu wangu? Hebu mvalishe, baridi itampiga."

"Anamalizia mwenyewe, mama. Njoo umwone anavyoipandisha."

"Huyu hajiwezi, unamlinganisha na wenzake?"

"Silinganishi, mama. Jana alivuta hadi hapa. Leo angalia."

Mkwe huyo hakubishana na mama wa mumewe, alimwita aone. Bibi akishaona, mpe kazi: yeye ndiye wa kupiga vigelegele kaptula ikifika kiunoni. Hakuna zawadi ya pipi inayoshinda vigelegele hivyo. Dada wa kazi naye, ambaye huenda ndiye anayeshinda na mtoto kuliko nyote, aonyeshwe hatua kwa vitendo na aambiwe waziwazi kwamba hatagombezwa kwa kuchelewa. Bila ruhusa hiyo atamvalisha tu, kwa kuwa anapimwa kwa usafi na wakati.

Kazi hii ya kufundishia nyumbani imeshajaribiwa kwingine. Mwaka 1969, katika eneo la mashamba la Portage, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, watoto wenye ulemavu walikuwa wametawanyika mbali na shule, na mpango ulioanzishwa huko ukaamua mwalimu ndiye aende nyumbani. Alifika mara moja kwa wiki. Pamoja na mzazi walichagua jambo dogo linaloweza kufikiwa kwa wiki hiyo, akalionyesha, akaacha karatasi ya kuweka alama. Mzazi alifanya zoezi kila siku na kuandika. Wiki iliyofuata waliangalia karatasi: limefanikiwa, tusonge, halijafanikiwa, tulikate liwe dogo zaidi. Mpango huo ulienea nchi nyingi, na unawafaa wazazi walio mbali na shule yenye kitengo maalum. Hata mwalimu asipokuja, karatasi inaweza kuwa kalenda ya ukutani. Weka alama siku ambayo mtoto amefanya hatua yake bila kuguswa. Moyo wa mzazi hukumbuka siku mbaya, kalenda hukumbuka zote.

Shule nazo zinaanza kulitambua jambo hili. Katika Mtaala wa Umilisi wa Kenya, ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019, kuna njia ya wanafunzi wanaosonga kwa hatua badala ya kufuata darasa la umri wao, na humo shughuli za maisha ya kila siku zinafundishwa kama somo. Muulize mwalimu wa mwanao anafundisha hatua ipi ya kunawa au kuvaa, ili nyumbani mfundishe hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo.

Kujitegemea kwa asiyeweza kufanya

Wako watoto ambao misuli yao haitaruhusu kaptula kufika kiunoni, hata baada ya miaka ya mazoezi. Sura hii inawahusu pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazungumzia katika Ibara ya 19 haki ya kuishi katika jamii ukiwa na uchaguzi kama watu wengine. Uchaguzi hauhitaji misuli mingi. Mwonyeshe mtoto mashati mawili na usubiri macho yake yatue kwenye moja. Muulize aanze kuogeshwa uso au miguu. Mfundishe kumwelekeza anayemsaidia, kwa neno, kwa picha au kwa kupepesa. Anayeongoza namna anavyosaidiwa anayatawala maisha yake, hata kama kila kifungo kimefungwa na mkono wa mwingine.

Wazazi wa watoto hawa wana swali moja wanaloulizana wakiwa peke yao: tukifa, nani atakaa naye? Hakuna kitabu kinachoweza kulijibu kwa niaba ya ukoo. Lakini mtoto anayekwenda chooni mwenyewe, anayekula mwenyewe na anayejua kusema anachotaka anaweza kupokelewa na shangazi mwenye watoto wake wanne, na mjomba mwenye chumba kimoja, na kaka atakayeoa. Asiyejua hayo anahitaji mtu wa kuacha kila kitu, na watu wa namna hiyo ni wachache hata katika familia zenye upendo. Kila hatua unayomwachia leo inaongeza idadi ya nyumba zitakazomfungulia mlango. Kwa hiyo chagua kazi moja jioni hii, andika hatua zake, na kesho asubuhi umwachie ya mwisho.